Chura wa Tatu Kwenye Tuta

Modesta mwanangu,

Nimeanza kuandika saa kumi na moja jioni, nawe ungali sokoni unatafuta betri za kinasa sauti chako. Mezani pangu pana kalamu mbili. Ya bluu ndiyo hii ninayoandikia. Nyekundu nimeifunika na kuiweka mbali na mkono.

Kanuni za barua ninazijua. Nimezifundisha miaka thelathini na minne. Anwani hukaa juu upande wa kulia, tarehe chini yake, kisha salamu na kujuliana hali. Leo nitazivunja. Hali yangu unaijua, na yako ninaisikia kila unapofungua na kufunga begi lile kana kwamba kuna kitu kimesahauliwa. Wala sitakuandikia habari za chandarua, za kuchemsha maji, wala za nani wa kumwamini na nani wa kumwogopa. Hayo nilikwisha kukuambia tangu ulipokuwa darasa la kwanza. Kama hayakuingia wakati ule, hayataingia leo.

Ninaandika kwa sababu ya bahasha ndogo iliyomo ndani ya bahasha hii. Usiifungue kwanza. Ni barua ya posa ya Nestori. Imelala katika droo yangu miezi saba bila kujibiwa. Kesho alfajiri unapanda basi la Kigoma kwenda kwenye mabwawa ya Malagarasi kusikiliza vyura kwa miaka miwili, na katika miezi hiyo yote hukuniuliza hata mara moja nimejibu nini. Umenipikia, umenisimulia kazi yako, umeniombea dua nilipougua, na jambo hilo umelizunguka kama mtu anavyozunguka shimo lililo uani kwake. Sitaki uondoke shimo likiwa wazi.

Nianze na kosa langu, maana habari zake huzijui zote.

Mshenga alikuja siku ya Jumamosi, nawe ulikuwa Ntalikwa na ndoo zako. Alikuwa mzee Andrea, jirani wa wazazi wa Nestori kule Ulyankulu: mzee nadhifu, koti limepigwa pasi, kofia mkononi. Nikamwamkia, akaitika, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyekuja kufanya mtihani.

"Tumeona ua katika nyumba yako, mama," akasema. "Tumekuja kuuriza kama rina mwenyewe."

"Kuuliza," nikasema. "Na si 'rina', ni 'lina'."

"Ndiyo, mama." Akainamisha kichwa kwa adabu. "Rina?"

Mtu mwenye akili angecheka hapo, akaleta chai, na mambo yakawa mepesi. Mimi nilinyoosha mkono nikaomba barua.

Ilikuwa imeandikwa na Nestori mwenyewe kwa niaba ya wazee wake, ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko wa kulalia kushoto. Alisema yeye si mtu wa mali, ana mizinga ya nyuki na shamba ra mpunga. Alisema amekufahamu kwa sababu urikwenda kwao kutafuta vyura na yeye ndiye aliyekuonyesha mahari wanapokaa. Na alisema neno moja ambalo leo ninalikumbuka kwa moyo: "Binti yako akisema, mimi hukaa kimya ri nipate kusikiriza." Alikusudia "ili". Nililiona kosa hilo kabla sijaiona sentensi.

Nikachukua kalamu nyekundu.

Usidhani nilikusudia kumtukana. Mkono ulikwenda wenyewe, kama mkono wa mshonaji unavyokwenda kwenye uzi unaoning'inia. Nilipiga mstari, nikazungushia duara, nikaandika pembeni. Mzee Andrea alikaa akitazama wino ukienea kwenye karatasi ya watu waliomtuma. Nilipofika mwisho nikaandika chini maneno niliyoyaandika maelfu ya mara katika maisha yangu: "Rudia kwa hati safi." Nikamrudishia.

Akaishika kwa mikono miwili. "Mama, hiri ndiro jibu?"

"Hilo ndilo jibu," nikasema, nikitamka kila herufi.

Juma moja baadaye alirudi. Hakukaa. "Kijana amerudia kwa hati safi. Anauriza kama sasa inasomeka." Akanipa barua hiyo unayoishika. Kisha, akiwa mlangoni, akaongeza: "Ire nyekundu ameihifadhi. Anasema ni barua ya kwanza maishani mwake kusomwa na mwarimu mpaka mwisho."

Mpaka leo sijui kama yale yalikuwa matani, shukrani au kisu. Huenda yalikuwa yote matatu.

Nikaisoma. Haikuwa na kosa hata moja. Kila mstari niliounyoosha ulikuwa umenyooka. Ikawa sina pa kushika. Na mtu ambaye maisha yake yote amekataa mambo kwa kuonyesha makosa, akinyimwa kosa, hana mdomo. Nikaitia katika droo. Nikajiambia nitafikiri. Sikufikiri. Nilifunga droo tu.

Sasa niseme habari ya Ntalikwa, kwa sababu bila usiku ule barua hii isingeandikwa.

Wiki tatu zilizopita uliniambia, "Mama, vaa mabuti, nikuonyeshe ninachokwenda kukifanya." Nilikuja kwa heshima tu. Kwangu chura alikuwa somo la milio ya wanyama: simba hunguruma, mbwa hubweka, chura hulia. Tulipokuwa tukishuka kwenye majaruba ya mpunga ya Ntalikwa giza lilikuwa limekwisha kuingia, na kelele ilikuwa kubwa hata nikaisikia katika meno.

"Leo vyura vimechangamka sana," ukasema.

"Wamechangamka. Chura ana uhai. Tena wanalia kweli."

"Hawalii, mama. Wanaita."

Nilinyamaza, na si desturi yangu kunyamaza nikisahihishwa. Kulia ni jambo la mtu aliye peke yake. Kuita kunamtaka mwingine. Nimeishi miaka sitini na mitano kando ya mbuga hizi nikisikia kilio mahali palipokuwa na wito.

Ukanivika vile visikilizi vikubwa, ukanielekezea kipaza sauti chako kwenye majani, na kelele ile moja ikafunguka. Sina neno bora. Ilikuwa kama ukuta ukigeuka kuwa watu. Huku kulikuwa na sauti kama tone linalodondokea ndani ya mtungi wenye shingo nyembamba. Kule, kengele ndogo ndogo zisizokubaliana. Na chini ya zote, sauti kavu kama ya mtu anayekwaruza kitana kwa ukucha. Ukanitajia kabila la kila mmoja. Ukamulika unyasi mmoja, na juu yake nikamwona dume asiyezidi pingili ya kidole gumba changu. Kifuko cha koo lake kilikuwa kimevimba kuliko kichwa chake, kimekuwa chepesi hata mwanga ukapita. Kila alipoita mwili wote ulitetemeka, na unyasi ukatetemeka naye, na maji chini ya unyasi yakafanya duara.

"Wito ule unamla," ukaniambia. "Akiita hali chakula. Nguvu aliyokusanya kwa siku nyingi anaimaliza hapa. Na bundi anamsikia, na nyoka anamsikia. Anayeita anajulikana alipo na anayempenda na anayetaka kumla."

"Basi kwa nini aite?"

"Kwa sababu asiyeita hachaguliwi."

Nikakuuliza jike husikia nini. Nawe ukanifundisha, Modesta, kwa utaratibu, kama mtu aliyelelewa na mwalimu. Ukasema jike husikia uzito wa sauti, kwa kuwa mwili mkubwa hutoa sauti nzito na mwili mdogo hauwezi kuighushi. Husikia kasi, yaani dume anaita mara ngapi kabla hajapumzika. Husikia urefu wa kila wito. Wawili wakiita karibu kwa pamoja, humwelekea yule aliyetangulia, hata kama ametangulia kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Na ukasema jambo lililonisimamisha nywele: kwamba sikio la jike limeumbwa kulingana na wito wa kabila lake, hata kelele zile nyingine zote, ambazo mimi zilinitia kizunguzungu, kwake ni kama upepo. Katika mbuga nzima inayonguruma, sikio lake limefunguliwa njia moja tu.

Nilitaka kuuliza nani aliyemfundisha. Nilijizuia. Nilikuwa nimekwisha kuona haya kidogo ya kuwa mtu anayejua mambo.

Ukanionyesha jaribio lako. Beseni pana lenye maji kidogo, spika ndogo mbili, moja huku na moja kule, na jike katikati chini ya kikapu cha waya. Spika zote mbili zilikuwa na sauti ya dume yuleyule mmoja. Tofauti ilikuwa kasi tu. Ukainua kikapu kwa uzi. Jike akakaa. Mimi nikasogea.

"Mama, usipumue."

Sikupumua. Alikaa muda ambao ningeweza kusali Baba Yetu mara tano. Halafu akageuza kichwa kidogo sana, akajipanga, akaruka mara tatu, akaenda kugusa spika iliyokuwa ikiita upesi zaidi. Ukambeba ukamrudisha katikati. Ukabadilisha: sauti ya kulia ikawa kushoto, ya kushoto ikawa kulia, isije ikawa anapenda mahali na si sauti. Akakaa tena. Akageuka. Akaifuata sauti ileile upande wa pili. Nilihisi kama mtu aliyechungulia kwenye ufa wa mlango akaona chumba kikubwa kuliko nyumba.

Hayo ningeweza kuyaeleza kwa wenzangu wa jumuiya nikirudi. Yaliyofuata kwenye tuta siwezi.

Tulikuwa tumekaa juu ya ndoo, taa imefunikwa kitambaa chekundu. Kwenye tuta la jaruba kulikuwa na madume watatu waliopangana. Wa kwanza alikuwa karibu, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Wa pili alikuwa na sauti nzito, lakini aliita, akanyamaza, akasahau, akaita tena. Wa tatu nilimsikia kwa shida. Hakuwa na makuu. Aliita, akaita, akaita, kama mtu anayepiga makasia. Jike akatoka majini. Akampita wa kwanza. Akasimama mbele ya wa pili, nami nikasema kimoyomoyo, "Huyo, huyo ana sauti ya heshima." Akampita. Akaenda mpaka kwa wa tatu, akamgusa. Dume akanyamaza. Katika kelele ile yote nikasikia kunyamaza kwake.

"Kwa nini yule?" nikanong'ona.

"Sijui, mama. Kasi, labda. Huenda amekuwa akija kila usiku na wale wengine wamekuja leo tu. Nikijua, nitaandika kitabu."

"Na nani amemwambia ampite wa pili?"

"Hakuna. Hakuna anayemsikilizia. Anasikiliza mwenyewe."

Ukazima taa, ukaanza kukusanya nyaya. Halafu ukasema gizani, ukiwa umenipa mgongo, "Lakini usiwafanye watu, mama. Vyura hawaandiki posa."

Ulikuwa mzaha. Nilicheka. Lakini njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa nikitafuna kitenzi kile. Kusikiliza, kusikilizia. Nimewafundisha watoto wa watu kauli ya kutendea mpaka wakaichukia: piga, pigia, soma, somea, chagua, chagulia. Niliwaambia ni kauli ya wema, ya kufanya jambo kwa ajili ya mwingine. Mama humpikia mtoto. Sikuwaambia, kwa sababu sikujua, kwamba herufi moja ile ndogo inaweza pia kumnyang'anya mtu kitenzi chake.

Na hapa ndipo baba yako anapoingia.

Unajua nilimpata kwenye kwaya. Hujui nilimpata vipi. Nilikuwa sauti ya kwanza, tumesimama mbele. Wanaume wa sauti ya nne walikuwa nyuma yetu, na haikuruhusiwa kugeuka. Kwa Kwaresima nzima nilisikia sauti moja nyuma ya bega langu la kushoto, nzito, isiyokimbia, iliyoshuka mahali pa chini kabisa na kukaa pale bila kujitangaza. Niliipenda kabla sijauona uso wake. Siku ya Pasaka niligeuka, nikamwona mtu mfupi mwenye masikio makubwa. Akafungua kinywa anisalimu, na salamu haikutoka. Baba yako alikuwa na kigugumizi, nawe unakikumbuka. Akiimba hakikuwepo. Akizungumza, kila neno lilikuwa mlima.

Sikumwacha. Hilo ninalihesabu kuwa la haki katika maisha yangu: nilichagua kwa sikio langu, na sikio halikukosea. Lakini nilipomwoa kwa sikio, niliishi naye kwa mdomo. (Ndiyo, nimeandika "nilipomwoa". Mwanamke huolewa, ninajua. Katika nyumba yetu ilikuwa hivyo.) Alikuwa akianza sentensi, mimi namalizia. Niliona ni huruma. Akisema "Ni-ni-nileteeni," mimi naleta maji. Akisema "Mo-Modesta a-a," mimi namweleza uliko. Miaka ishirini na sita nilimmalizia, na watu walinisifu kwa uvumilivu.

Wodini, katika hospitali ya Kitete, siku mbili kabla hajatuacha, alinishika mkono akaanza, "Na-nataka u-u-u..." Nikasema, "Upumzike. Ndiyo, pumzika." Akatikisa kichwa. Nikasema, "Unywe uji?" Akatikisa kichwa. Nikasema, "Nimwite Modesta?" Akanitazama. Akatabasamu, Modesta, akafumba macho, na hakujaribu tena.

Sijui alitaka nini. Nimeijaribu sentensi ile kwa kila kitenzi kinachoweza kuifuata ile "u" ninachokijua, nami ninavijua vingi. Ningenyamaza kwa muda wa Baba Yetu tano, kama nilivyonyamaza kwa ajili ya chura, ningeisikia.

Ukisema, "Mama, kwa Nestori ilikuwa sarufi tu," nitakujibu kwamba hapana. Nataka nisiondoke katika barua hii nimejificha nyuma ya sarufi. Watu wa mjini huwaita watu wa Ulyankulu "watu wa makazi", kwa sababu ya kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyokuwa kule, na wengi wao wamezaliwa katika udongo huuhuu, na wazazi wao wameuzeekea. Nilipoiona ile "r" niliona mgeni. Basi mgeni ni nani? Babu wa babu yako aliletwa na misafara kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, kwa njia ileile ambayo basi lako litaifuata kesho kwa kurudi nyuma. Alifika Tabora na mzigo kichwani na Kiswahili cha njiani, maneno machache ya kuomba maji na kuuliza masafa. Kiswahili hiki ninachokilinda kama mlinzi wa ghala kilijengwa hapa na watu waliokisema vibaya. Walikisema, wakasikilizwa, wakaeleweka, wakakaa.

Na bibi yako, mama yangu mzazi, Mnyamwezi wa Puge, hakuwa na "r" kabisa. Kwa Warundi "l" hugeuka "r"; kwetu "r" hugeuka "l". Alisema "balabala". Alisema "halaka". Mimi mwenyewe niliingia shule hivyo, na mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa nirudie "barabara" mpaka ulimi ukakubali. Ulipokubali nilijiona nimevuka mto. Nilikuwa na miaka kumi na miwili bibi yako alipokuja shuleni kutoka shambani, miguu ina vumbi, amebeba barua yangu ya kliniki, akamwamkia mwalimu mkuu mlangoni mwa darasa letu, "Mwangaluka. Nimeleta balua ya mtoto."

"Barua, mama," nikasema mimi, kwa sauti, darasa lote lisikie.

Akacheka. Akanigonga begani. "Haya, mwalimu." Ndiyo siku niliyopata jina hilo. Lakini tangu siku ile akija shuleni alisimama nje ya uzio akanipungia mkono, na mtu akimwuliza jambo, alitabasamu tu. Nilimfundisha mama yangu kunyamaza. Nilikuwa mwanafunzi hodari.

Sasa nikuambie jambo usilolijua, na najua hulijui kwa kuwa yeye si mtu wa kujitangaza.

Tangu barua ya pili ilipoingia katika droo, Nestori amenipigia simu kila Jumapili baada ya misa. Kila Jumapili, Modesta. Miezi saba.

"Shikamoo, mama. Ni Nestori. Nirikuwa nakusarimu tu."

"Marahaba. Nilikuwa."

"Ndiyo, mama. Na mimi nirikuwa."

Mara ya kwanza nilidhani ananidhihaki. Hapana. Haoni tofauti, kwake ni neno moja. Huniambia mvua imefika wapi, nyuki wamekubali mzinga gani na kuukataa upi. Huniuliza habari za mguu wangu unaouma. Kisha hunyamaza kidogo, kama anayenipa nafasi, na mimi nikiwa sina neno, husema, "Haya mama, Jumapiri njema." Habari ya posa hajaitaja kamwe. Mimi kila mara nilimsahihisha, kila mara alishukuru, na Jumapili iliyofuata akaita tena.

Jumapili baada ya usiku wa Ntalikwa, simu haikuja. Saa saba, haikuja. Saa tisa, haikuja. Ulipita ukaniuliza kwa nini nimekaa na simu mapajani kama kifaranga. Nikasema nangoja tangazo la jumuiya. Nilisema uongo. Giza lilipoingia ikalia.

"Shikamoo, mama. Nisamehe, niricherewa. Mvua iriangusha mtandao. Nimetembea mpaka kwenye kichuguu kire kikubwa, hapa unashika."

Na nyuma ya sauti yake niliwasikia. Tone ndani ya mtungi. Kengele ndogo. Kitana. Mbuga nzima ilikuwa ikinguruma nyuma ya mtu mmoja aliyesimama juu ya kichuguu katika mvua, aniambie shikamoo. Kwa mara ya kwanza sikuisikia "r". Nilisikia kasi: Jumapili, Jumapili, Jumapili. Nilisikia urefu wake. Nilisikia kwamba kila wito ule ulimla kitu, na aliujua mdomo unaomngoja upande wa pili, na akaita.

"Mama? Unanisikia?"

"Unasikika vizuri, Nestori," nikasema.

Akanyamaza. Nami nikanyamaza, na sikummalizia.

Umeniambia nisiwafanye vyura watu, nami ninakutii. Chura wa kike hana mama wa kumwogopa wala miaka arobaini ya ndoa iliyo mbele yake ya kupima, na yule wa tatu kwenye tuta huenda alikuwa dume wa kawaida aliyebahatika. Sikuandikii ili kukusukuma kwa Nestori. Hilo lingekuwa kukuchagulia tena, kwa kinyume chake, na ningestahili kalamu nyekundu. Wewe ndiye mwenye sikio. Umelisomea. Ukimkubali, mkubali kwa ulichokisikia mwenyewe. Ukimkataa, mkatae kwa sikio lako, si kwa langu. Basi lako litasimama Urambo watu wanywe chai. Kutoka hapo kwenda kwao unakujua kuliko mimi. Unaweza kushuka, unaweza kupita. Lolote utakalofanya, sitakuuliza kabla hujasema.

Wazee wa Ulyankulu nimewajibu leo asubuhi. Nilimwita mzee Andrea nikampa barua mkononi, nayo ni fupi: "Mliniuliza kama ua lina mwenyewe. Lina. Mwenyewe ni lenyewe. Muulizeni yeye. Mimi niliyejibu kabla ya kusikiliza ninawaomba radhi." Akaisoma pale mlangoni, pole pole, kidole kikifuata mstari. Kisha akavua miwani. "Mama," akasema, "hii haina kosa."

"Karibu ndani, mzee," nikamwambia. "Chai iko tayari."

Lango linalia, umerudi na betri zako, na ninakusikia ukiimba uani, chini chini, mahali baba yako alipokuwa akishuka. Sitainuka kukuuliza umechelewa wapi. Nitakaa hapa nikusikilize mpaka umalize wimbo.

Pokea balua hii, mwanangu.

Mama yako